Siku Tisa Bila Stima Kambini Seme

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nimekosea ofisi. Karani aliisoma barua yangu, akalitazama buibui langu, akasema wanaotafuta uuguzi huenda jengo la pili. Nikamwambia sikuja kuwa muuguzi, nimekuja kuwa Bwana Afya. Hilo ndilo jina ambalo watu walimpa mkaguzi wa afya ya jamii, na mwanamke alipoingia kwenye kazi hiyo hawakuona haja ya kulibadilisha. Basi mimi Zuhura, binti wa muuza vitambaa wa Kisumu na mama Mjaluo, niliitwa Bwana Afya mpaka nikastaafu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Mkuu wangu, Afisa wa Afya wa Wilaya, alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye soksi nyeupe zilizofika magotini. Alinipeleka Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini Kisumu, kukagua vyoo vya shimo na vioski vya maji. Ni yeye aliyenifundisha kupima klorini, dawa inayoua vijidudu vya maji. Ukishaitia unangoja nusu saa, kisha unachota maji kidogo kwenye kichupa na kutia kidonge cha kupimia. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini bado imo. Yakibaki meupe, uchafu umeimaliza dawa yote na maji hayo hayanyweki.

"Mtu akikwambia maji yake ni safi, mshukuru," alinifundisha. "Halafu upime."

Nilipima Nyalenda miaka minne, kisha nikahamishiwa Kombewa, huko Seme.

Huko ndiko nilikokutana na skauti. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, likizo ya Agosti, walipiga kambi kwenye uwanja wa shule moja karibu na ziwa. Walikuwa watoto karibu mia tatu kutoka wilaya mbalimbali. Wenyewe waliiita kambi ya baridi, ingawa wale waliotoka nyanda za juu waliucheka ubaridi wetu na kuoga asubuhi wakiimba. Nilikuwa nimeikagua kambi na kuipitisha, kwa sababu shule ilikuwa na kisima kirefu na pampu ya stima iliyojaza tangi.

Siku ya pili alasiri ilikuja mvua ya radi. Radi ikaipiga transfoma. Mafundi waliofika kesho yake walisema imeungua kabisa, na nyingine italetwa kutoka mbali. Hawakujua ni lini. Kukosa taa hakukumsumbua mtu, skauti wana taa zao za mafuta. Shida ilikuwa maji. Pampu ilinyamaza, na kufikia jioni tangi lilikuwa tupu.

Nilipofika, Kamishna wa kambi, mwalimu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anawapanga watoto na ndoo kwenda ziwani.

"Madam, ziwa ndilo hilo hapo," alisema. "Na watu wa hapa si wanakunywa?"

Nikamweleza kwamba mwezi uliopita kipindupindu kilikuwa kimeingia vijiji vya jirani, na kwamba nilikuwa nimesimamia mazishi mawili mwenyewe. Akaziweka ndoo chini. Kuchemsha maji ya watu mia tatu hakukuwezekana, kuni zote zilikuwa zimelowa.

Nilimpigia simu mkuu wangu kutoka hospitali ya Kombewa. Akaniambia nifunge kambi. Nikamwomba anisikilize. Mabasi hayangekuja kabla ya wiki kuisha, na kama kuna mtoto ameshaambukizwa, tungekuwa tunausambaza ugonjwa kwenye wilaya zote walikotoka. Akakubali kwa shingo upande.

"Akifa mmoja, Zuhura, jina litakaloulizwa ni lako."

Nikasema nimeelewa.

Tulianza alfajiri. Maji ya ziwa yana tope, na tope hula klorini, kwa hiyo lazima yatulizwe kwanza. Tuliyatia shabu, yale mawe meupe ambayo vinyozi hupaka kidevuni, tope likazama chini. Kisha tukayapitisha kwenye mapipa matatu niliyoyajaza kokoto, makaa na mchanga uliooshwa. Mwisho klorini, na nusu saa. Kila kikosi cha skauti kilikuwa na zamu yake na saa ya mkononi. Mimi nilipima kila pipa, asubuhi hadi jioni, na mikono yangu ikababuka kwa dawa.

Siku ya nne mvulana wa kutoka milimani, Kiprono, alianza kuhara. Nilimtenga kwenye darasa la mwisho, nikachimbisha choo chake peke yake, nikamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Nilipomuuliza alikunywa nini, aligeukia ukutani. Maji yetu yananuka dawa, alisema, kwa hiyo alikuwa anakunywa ziwani akienda kuchota.

Nilitoka nje nikamwita Kamishna. Kisha niliwakusanya watoto wote. Sikuwafokea. Niliwaeleza kipindupindu humfanyia nini mtu kati ya asubuhi na jioni, nikamtaka kila aliyekunywa ziwani anyooshe mkono. Ilinyooka mikono kumi na mmoja. Nikawaandika, nikawa nawatazama kila saa. Sampuli ya Kiprono ikapelekwa Kisumu.

Siku mbili zile sikula kitu zaidi ya chai.

Siku ya sita gari la ofisi liliingia. Mkuu wangu alishuka na bahasha mbili, hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la mwisho, akachota, akatia kidonge chake mwenyewe, akakiinua kichupa kwenye jua. Kilikuwa cha waridi. Akaomba kikombe, akanywa chote.

"Majibu ni haya," alisema, akinipa bahasha moja. "Si kipindupindu. Ni tumbo la kawaida."

Nikamuuliza ile nyingine ni ya nini.

"Amri ya kufunga kambi," alisema, na kuirudisha mfukoni.

Stima ilirudi siku ya tisa tangu ikatike. Ilirudi mchana, na mpaka wakati wa chakula cha jioni hakuna aliyegundua.

Baada ya hapo nilifanya kazi vituo vingine vitatu, nikafundisha wakaguzi wapya, wanawake wengi miongoni mwao. Nawaambia ninyi mnaoanza sasa: kazi hii haina picha ya kutundika ukutani. Daktari anaweza kumwonyesha aliyemponya. Wewe utakuwa na watu ambao hawakuugua, na wao wenyewe hawatajua.

Kwenye hafla ya kuniaga, kijana wa ofisini aliniuliza ni kipi ninachojivunia kuliko vyote. Nikamwambia kuna watoto karibu mia tatu walioyanywa maji ya ziwa siku nyingi mwaka wa kipindupindu. Asubuhi ya kuondoka nilisimama langoni nikawahesabu mmoja mmoja wakipanda mabasi, Kiprono akiwemo, na hesabu ilitimia.