Harufu ya Mvua Iliyoletwa na Lori

Harufu ya mvua ya kwanza huku Ukambani huingia nyumbani kabla ya mvua yenyewe, kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Nilipokuwa mtoto kule Ikutha, kuna msimu tuliingoja mpaka tukawa hatukaliki. Mama alifagia uwanja aliokuwa ameufagia tayari. Mimi nilipanda juu ya tangi tupu kutafuta mawingu, nikashushwa kwa kiboko, nikapanda tena. Majirani walikuwa wameshapanda kwenye udongo mkavu, mengine wakamwachia Mungu. Susu, yaani nyanya yangu, alikataa. Ndengu zetu za mbegu zilikuwa zimebaki kibuyu kimoja, zimechanganywa na majivu zisitobolewe na wadudu, na mbegu ikilala ardhini bila maji huliwa na kanga. Alisema hazitoki humo mpaka pua yake iseme.

Alasiri moja pua ikasema. Susu aliacha mboga kwenye ungo akasimama. "Imekuja!" Hata mimi niliisikia: udongo, majani makavu, na kitu kingine kitamu ambacho ukikaza pua kukitafuta kinakukimbia.

"Mwaitu," Mama akamwambia, akimwita mama kwa heshima ya kwetu, "mbona hakuna wingu hata moja?"

"Mimi sipandi na macho."

Tukapanda mpaka giza likatuzuia kuona mashimo, Susu akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mtu ambaye ameshavuna. Kibuyu kikabaki kitupu. Mvua haikunyesha.

Kesho yake nilipeleka mbuzi upande wa barabara iliyokuwa ikitengenezwa, na huko nikaikuta ile harufu, nzito kuliko ya jana. Lori la maji lilikuwa likinyunyizia udongo wa murram ili ushindiliwe, na vumbi jekundu likinywa kama limetoka jangwani. Nilicheka mpaka mbuzi wakaniangalia. Nikakimbia nyumbani na habari yangu, kumbe jirani yetu Kasyoka alikuwa amenitangulia.

"Mwaitu," alikuwa akisema, ameshika kiuno, "jana pua yako ilinusa dereva!"

Nilicheka tena, mpaka nikamwona Susu amekipindua kile kibuyu na kukigonga chini, kana kwamba kuna punje imejificha.

"Hizo ndizo zilikuwa zote," akasema.

Basi tukawa walinzi. Kutwa nzima niligonga sufuria shambani, nikifukuza kanga upande huu wakitua upande ule. Niliwahubiria wahamie kwa Kasyoka, hawakuokoka. Mvua ilipofika kweli, nusu ya shamba ilikuwa imefukuliwa. Tulivuna kidogo, na Susu alijaza kibuyu kwanza ndipo akatupikia kilichobaki.

Siku hizi nasoma kidato cha tatu Emali, mji unaonuka dizeli hata siku ya Jumapili. Mwalimu wetu wa bayolojia alituambia kwamba ile harufu hutengenezwa na bakteria wadogo mno wanaoishi udongoni, na wakati wa kiangazi mafuta ya mimea nayo hujikusanya humo. Tone likianguka kwenye udongo mkavu hunasa hewa chini yake, hewa hiyo inapanda kama mapovu ya soda, inapasuka, na upepo unabeba harufu. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na tone likitoka kwa lori?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye akajibu, "Udongo haujui tofauti."

Jioni nilimpigia Susu kumwambia kwamba pua yake haikudanganya.

"Kwani nani alisema ilidanganya?"

Sasa msimu umerudi, nami situlii. Simu yangu inaonyesha kawingu kadogo juu ya Ikutha, kasafi, kasikonuka chochote, na kila nikikaangalia kamehamia siku nyingine. Ile barabara bado inatengenezwa, kama kawaida ya barabara zetu. Leo mchana Susu amepiga.

"Imekuja. Kibuyu nimekifungua."

Nikatoa kichwa dirishani kana kwamba ningeisikia kutoka hapa. Dizeli tupu.

"Susu, ngoja! Umetuma mtu aangalie kama kuna lori?"

"Nimemtuma Kasyoka."

"Anasemaje?"

"Hajarudi," akasema, akihema, na nikasikia jembe likigonga udongo mkavu. "Mimi nimeshaanza upande wa chini."