Mama Kwenye Mizani ya Magome

Leo mama yangu kapimwa uzito kwenye mizani ya kupimia magome ya miti ya miwati.

Ndiyo. Hapa hapa Njombe, mbele ya vibarua.

Tulikwenda zahanati kwa ajili ya kifua. Tangu baridi ianze hapumui vizuri. Dresa, mhudumu wa pale, hata hakumgusa. Aliutazama unene wake tu, akasema mizani ya zahanati haimtoshi, tukampime kwenye ghala la magome.

Mama akawasalimu vibarua, "Kamwene!" Wakamjibu kwa kicheko.

Tuliporudi, dresa akasema, "Mama, punguza kula."

"Sawa, baba."

Jamani, angekuwa mama yenu?

Njiani nikamwambia kesho turudi, akasikilizwe kifua. Akakohoa mpaka akakaa chini.

"Wameshanipima, mwanangu."