Pamba na Nyota Katika Kasha Moja

Daftari la wafanyakazi wa hospitali moja mjini Mtwara linaonyesha kwamba Ashura binti Abeid aliandikwa kazi ya udobi tarehe 6 Aprili 1964. Daftari halisemi alitoka wapi wala kwa nini. Alitoka Mikindani, kwa miguu, furushi la nguo kichwani, umri wake miaka thelathini na tisa. Siku kumi kabla, mumewe Iddi alikuwa amemleta mke wa pili katika nyumba ile ile, chumba kinachotazamana na cha Ashura, bila kumwambia neno. Alichompa ni doti ya kanga ya kumpoza. Ashura aliipokea, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kitanda.

Miaka kumi na mmoja iliyofuata ilikuwa ya mashuka. Yaliletwa asubuhi katika matoroli, akayazamisha katika mapipa mawili ya maji ya moto, akayakoroga kwa mwiko wa mbao mrefu kama yeye. Magadi yalimpasua vidole. Miguu ilianza kuvimba saa nne, na kufika saa nane ilikuwa kama si yake. Alilala mapema, akaamka amechoka. Ukimwuliza hali, alijibu, "Naenda tu."

Katika chumba chake cha kupanga alikuwa na simbilisi, yule mnyama mdogo wa manyoya, kama panya asiye na mkia, anayeishi kwa majani na maganda. Alipewa mwaka 1971 na Jumanne, mhudumu wa maabara ya hospitali, maabara ilipoacha kuwafuga. Jumanne alimleta ndani ya boksi la pamba, na jina likawa hilo: Pamba. Mwingine wa kasha lile lile, jike pia, alimpa mtoto aitwaye Amelia, binti wa Ilda, mwanamke aliyeuza muhogo wa kuchoma langoni pa hospitali. Huyo alikuwa na alama nyeupe kwenye kipaji cha uso, Amelia akamwita Nyota.

Wapangaji wenzake walimcheka Ashura kwa kumfuga mnyama asiyetaga wala kukamuliwa. Hakuwa na nguvu ya kubishana. Alijua tu kwamba kila jioni, alipogusa komeo la mlango, sauti nyembamba ililia kutoka ndani ya kasha la chai. Hakuna mwingine aliyejali kama amerudi.

Siku moja ya Jumanne, mwezi wa Agosti 1975, isingekuwa na tofauti na siku nyingine, lakini ndiyo siku aliyokuja Ilda pale penye mapipa, amebeba kikapu, nyuma yake kaka yake Raimundo. Ilda alivuka Ruvuma kwa mtumbwi hadi Kitaya mwaka 1965, akikimbia vita, Amelia mgongoni. Sasa Msumbiji ilikuwa imepata uhuru na watu walikuwa wanarudi.

"Dada Ashura, Jumamosi tunaondoka."

"Mungu awafikishe. Umekuja kuniaga au kunipa kazi? Uso huo si wa kuaga peke yake."

"Nimekuja kwa yote mawili." Ilda aliweka kikapu chini. "Wenye lori wamesema hakuna mnyama. Kuku hapana, mbuzi hapana. Nikauliza, na simbilisi? Yule bwana akasema, mama, simbilisi ndiyo nini?"

"Mimi ningemjibu," Raimundo akadakia. "Simbilisi ni kitoweo chenye jina. Chumvi, ndimu, tunasafiri tumeshiba."

"Raimundo, huna haya," Ashura alisema.

"Mama, kwetu panya wa shambani tunamla na Mungu tunamshukuru. Na huyu amenona kuliko mimi."

"Kila kitu kimenona kuliko wewe."

Raimundo alicheka mpaka akashika mbavu. Ilda hakucheka. Amelia hakuwa na safari ya Jumamosi. Alizikwa kijiji cha Ziwani mwaka 1973, kwa surua, akiwa na miaka tisa. Vitu vyake vyote vilikwisha gawiwa au kuchakaa. Alibaki Nyota.

"Huyu anatania," Ilda alisema. "Nitakaomwachia huku hawatanii. Nikigeuza mgongo tu, yumo chunguni."

Ashura aliinamia kikapu. Nyota alikuwa ametulia juu ya kitambaa, pua inachezacheza. "Mlete jioni," alisema, na kabla hajainua mgongo alikwisha kujua kwamba amejitwisha mzigo mwingine.

Mwenye nyumba yake, Bi Rehema, alilieleza jambo kwa ufupi. "Kasha moja nimevumilia. La pili sitaki. Chumba changu si zizi. Huyo mgeni nampa mpaka Jumamosi; baada ya hapo ama wakae pamoja, ama mmoja aende alikotoka."

Jioni ile ile Ashura alifanya alivyoona inafaa. Alikata kipande cha kiazi kitamu, akampa Pamba ale kwanza, afurahi. Kisha akamshusha Nyota kwenye pembe ya kasha, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Pamba aliacha kiazi. Manyoya ya shingo yalisimama, meno yakaanza kugongana kwa sauti kavu. Nyota alijibana ukutani. Hapakuwa na pa kukimbilia. Kila chembe ya maranda mle ndani ilikuwa ya Pamba, na kila pembe ilikuwa na harufu yake. Pamba alimrukia. Ashura alipopeleka mkono kuwaachanisha alikwaruzwa kidole kilichokuwa tayari kimepasuka, na Nyota alitoka na sikio linalovuja damu. Alimfunika kwa tenga kando ya mlango, akaketi kitandani bila kuwasha taa. Siku nne, aliwaza. Na mimi kesho nina mashuka ya wodi tatu.

Asubuhi alimwendea Jumanne maabara, kidole amekifunga kitambaa. Jumanne alisikiliza huku akipanga chupa.

"Bi Ashura, umemwingiza mgeni chumbani kwa mwenyewe?"

"Nilimpa Pamba kiazi kwanza."

"Kiazi cha nini?"

"Cha kumpo..." Ashura aliliacha neno katikati. Alitazama kidole chake, akasema, "Lakini wametoka kasha moja hawa. Wewe mwenyewe uliwagawa."

"Wamesahau."

"Ndiyo. Hata mimi na Mwanaamina tulicheza rede uwanja mmoja."

Jumanne alijua Mwanaamina ni nani. Hospitali nzima ilijua jina la mke aliyeletwa Mikindani. Alirudisha macho kwenye chupa zake. "Sisi hapa tulikuwa hatumwingizi mtu kwa mtu," alisema. "Kwanza kila mmoja tunamlaza juu ya matandiko ya mwenziwe, wazoeane pua. Halafu tunawakutanisha mezani, meza imeoshwa, si ya huyu wala ya yule. Wakitulia ndipo tunawatia katika kasha safi."

"Na wasipotulia?"

"Wapo wanaokataa. Hao tulikuwa tunawatenga."

"Mimi sina pa kumtenga mtu."

"Basi osha sana," Jumanne alisema.

Kutwa nzima neno hilo lilikuwa naye penye mapipa. Shuka linaloletwa kwa dobi lina mtu ndani yake. Ashura aliweza kusema, kwa pua tu, hili limelaliwa na mzee anayepakwa mafuta ya karafuu, hili ni la mzazi, hili ni la mvuvi. Kazi yake ilikuwa kumtoa huyo mtu. Shuka likitoka kwenye kamba linakuwa halina mwenyewe, na yeyote anaweza kulilalia. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na mmoja na hajawahi kufikiri kwamba ni ujuzi.

Jioni alibadilisha vitambaa: cha Nyota kwa Pamba, cha Pamba chini ya tenga. Pamba alikinusa, akakikojolea, akalala mbali nacho. Alfajiri Ashura alipoamka alimkuta amekilalia nusu.

Alhamisi alirudi kazini saa tisa. Kitanda kilimwita. Miguu ilikuwa imevimba hadi alama za kandambili zilionekana kama zimechongwa. Badala ya kulala alimtia Pamba katika ndoo, akalikokota kasha hadi uani, akamwaga maranda yote, akachemsha maji, akatia magadi, akasugua. Alisugua pembe, chini, pande zote, hata misumari. Akasuuza, akarudia, akarudia tena mara ya tatu.

Bi Rehema alitoka jikoni, mikono kiunoni. "Bi Ashura, unaosha maiti?"

"Namtoa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba si ndiye mimi!"

"Wewe nitakutoa siku nyingine. Leo nimechoka."

Bi Rehema alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kwa pua. Alisogeza mtungi wake ili kasha lipate jua.

Ijumaa mchana, wanaume walipokuwa msikitini, Ilda alikuja. Ashura alikuwa amekwisha kumwagia maji sakafu ya saruji ya uani na kuifagia. Katikati aliweka fungu la matembele. Alimshika Pamba, akampa Ilda amshike Nyota.

"Tunawaweka kwa pamoja. Mimi huku, wewe kule. Hakuna wa kutangulia."

Waliwaweka. Wanyama wakaganda. Kisha Pamba akaanza kuzunguka, meno yakigongana, na Nyota akazunguka upande mwingine, matako yameelekezwa kwa mwenziwe. Pamba alimkimbiza hatua tano. Ilda alinyoosha mikono.

"Muache."

"Atamuuma!"

"Muache, Ilda. Uwanja mkubwa, atakimbia."

Nyota alikimbia kweli, akafika ukutani, akageuka, na kwa kuwa Pamba alikuwa amesimama akipumua, akarudi kwenye matembele. Akavuta shina moja. Upande wa pili wa fungu Pamba naye akavuta. Lilikuwa shina lile lile. Walilitafuna kutoka kila ncha, macho yakitazamana, na walipokaribiana kila mmoja akauma kipande chake, akarudi nyuma nacho.

Ilda aliketi chini kwenye saruji yenye maji bila kujali nguo.

Kasha lilikuwa limekauka. Ashura alitia maranda mapya, akaliweka mahali pengine, si pembeni mwa kitanda tena bali uani, chini ya paa la jiko. Ndani alilaza vyungu viwili vilivyopasuka midomo, kimoja kila upande.

"Vya nini?" Ilda aliuliza.

"Kila mmoja awe na mlango wake." Alikuwa amepiga magoti, na kunyanyuka kulimchukua muda. "Iddi angetoboa mlango wa pili, angekuja akaniambia, Ashura, nataka kufanya kadha wa kadha..."

"Ungekaa?"

"Sijui. Ningeulizwa kwanza, ndipo ningejua."

Ilda alimpa mkono, akamwinua. Waliwatia simbilisi ndani kwa pamoja tena. Palikuwa na mgongano wa meno, mkimbio mmoja mfupi, kisha kila mmoja akaingia chungu chake.

Jumamosi asubuhi Ilda na Raimundo walipita njiani kwenda kwenye lori, mabegi kichwani. Ilda aliweka lake chini, akainama juu ya kasha. Pamba na Nyota walikuwa wamelala nje ya vyungu, migongo imeelekeana, kati yao nafasi ya vidole viwili.

"Hawapendani," Ilda alisema.

"Hawaumani."

Ilda alimgusa Nyota kwenye ile alama nyeupe, mara moja, akarudisha mkono. Sikio lilikuwa limepona nusu.

"Mama, ukiwachoka niletee salamu," Raimundo alisema. "Nitavuka na ndimu zangu."

"Ndimu kazile mwenyewe. Nendeni salama."

Lori liliondoka saa tatu. Ashura alilisikia likibadilisha gia barabarani, hakwenda kulitazama. Alikuwa amekwisha kujilaza, miguu juu ya furushi la nguo. Bi Rehema alipita uani, akachungulia kasha, akaenda zake bila kusema habari ya Jumamosi.

Jumatatu saa moja asubuhi Ashura atakuwa penye mapipa. Kasha litabaki chini ya paa la jiko, na mchana Bi Rehema atawatilia matembele, mafungu mawili, moja kila upande.