Wakili Aliyeniandika Sina Mume

Mtu akiniambia ananunua nyumba hapa Johannesburg na "wakili wangu" anashughulikia karatasi, namkatiza hapo hapo. Namuuliza ni nani aliyemchagua huyo wakili. Wengi hawajui, na mimi sikujua mwaka 2016, tulipopata nyumba ya vyumba viwili na banda la uani kule Bellevue, mitaa miwili kutoka kwenye nyumba kuukuu tulimopanga chumba kimoja na watoto watatu. Desturi ya huku ni kwamba muuzaji ndiye anayemchagua wakili wa kuhamisha hati, na mnunuzi ndiye anayemlipa. Benki nayo inaleta wakili wake wa mkopo, na huyo pia unamlipa wewe. Nilipouliza mbona hivyo, niliambiwa ndivyo ilivyo.

Mimi ni fundi cherehani na mume wangu ni mlinzi. Sote ni wa Tanga, lakini tulikutana huku na tukaozeshwa huku huku, msikitini, mbele ya sheikh na mashahidi wawili. Baba yangu alitoa idhini kwa simu, mahari ikatajwa, pilau ikaliwa. Tulipoanza kutafuta nyumba ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na tatu. Malipo ya kwanza ya nyumba yalitoka kwenye cherehani yangu, kwenye sare za shule nilizoshona miaka tisa katika karakana ya kupanga huko Jeppestown. Hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye watu walijifanya wamelisahau.

Benki haikutusumbua sana mwanzoni. Walitaka slipu za mshahara wa mume wangu, vibali vyetu vya ukaazi wa kudumu, na taarifa za akaunti yangu za miezi sita. Fomu iliuliza kama tumeoana, tukaweka alama ya ndiyo. Mkopo ukapita kwa majina yetu mawili, nami nikapika biriani siku ya kazi.

Kisha tukaitwa kwa wakili. Nilivaa baibui langu zuri na kuchukua cheti cha ndoa, maana nilijua nakwenda kwa mtu wangu, na mtu wako humfichi kitu. Nikamwekea mezani bila kuulizwa. Nikamweleza yote, sheikh, mashahidi, simu ya baba, mpaka pilau. Alinisikiliza kwa adabu, akaandika, akauliza kama tulikwenda pia kufunga ndoa ofisi ya serikali. Nikasema hatukuona haja. Akatabasamu kidogo.

"Hii ni ya dini," akasema. "Kisheria ninyi hamjaoana. Mama, wewe nitakuandika mwanamke asiye na mume."

Mume wangu alikuwa amekaa kiti cha pembeni, magoti yetu yanagusana. Nilimnyooshea kidole mbele ya wakili. Nikamuuliza, huyu je, nimemwokota kwenye robot, kwenye taa za barabarani? Akafunga faili lake. Mchana ule ule aliiandikia benki kwamba wanunuzi walisema wameoana na sivyo, na benki ikasimamisha mkopo mpaka karatasi zirekebishwe.

Jirani yangu wa chumba cha pili, msusi kutoka Lubumbashi, ndiye aliyenifumbua macho. Nilikuwa nafua, namtukana wakili wangu kwa sauti.

"Mama, ule avoka si wako," akaniambia. "Ni wa ule mwenye kuuzisha nyumba. Weye unalipa tu."

Niliacha nguo kwenye beseni. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile. Nilikuwa nimempelekea wakili wa mtu mwingine siri za nyumba yangu, kwa mikono yangu, na nauli nimejilipia.

Yule wakili akatupa njia tatu. Ya kwanza, twende ofisi ya serikali tukaoane, na karatasi zote zianze upya. Yaani niolewe na mume wangu, tarehe ya mwaka ule, na binti yangu mkubwa ana miaka kumi na miwili. Nilikataa hata kabla hajamaliza. Ya pili, nyumba iandikwe kwa jina la mume wangu peke yake, kwa kuwa yeye ana slipu. Hiyo, alisema, benki ingeipitisha upesi zaidi. Ya tatu, tununue kama watu wawili wasiooana, nusu kwa nusu, kila mmoja akaape mbele ya polisi, ambao huku ndio wanaopokea viapo, kwamba hana mwenzi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mume wangu aliipenda njia ya pili. Alisubiri watoto watoke nje.

"Mke wangu, tumalize tu. Jina langu lipite, hawa watu watuache. Nyumba si yetu sote?"

"Kama ni yetu sote, weka langu peke yake."

Kisha akauliza, "Huniamini?"

Nilimwambia namwamini, lakini nimeshaambiwa na mtu aliyesoma kwamba mimi si mke wake. Akifa kesho, ndugu zake wakija kutoka Tanga na lile jina moja mkononi, nitawaonyesha nini? Sare za shule? Hatukuzungumza siku mbili, tukapishana kwenye chumba kimoja kama wapangaji. Siku ya tatu akarudi kutoka zamu, akavua viatu, akasema, "Nusu kwa nusu. Twende tukaape."

Kituo cha polisi kilikuwa na foleni. Afisa aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, amechoka. Alinisomea karatasi: kwamba mimi sina mume, kwamba naelewa ninachoapa, kwamba ni kweli. Nikamwomba niongeze neno moja tu, kwamba tumeoana kwa dini yetu.

"Eish, mama, mimi napiga muhuri tu," akasema, na kweli alinihurumia.

Nikainua mkono. Nyuma yangu alisimama mume wangu ameshika mkoba wangu, anasubiri zamu yake ya kuapa kuwa hana mke. Katika maisha yangu nimesema uongo wa kawaida, wa bei na wa vipimo, lakini kuapa kwa uongo sikuwahi. Niliapa.

Kesho yake tulianza kufunga, mimi na yeye, siku tatu, kafara ya kiapo cha uongo. Hakuna aliyetuamuru. Binti yetu mkubwa, anayetusikia Kiswahili na kutujibu Kiingereza, aliuliza jioni tukifuturu mbona tunafunga na Ramadhani bado. Baba yake akatazama sahani. Nikamweleza mimi, maana nimechoka kuzungushwa na watu, kwamba tumeapa hatujaoana ili nyumba itoke.

Kisha akauliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo mngesema ukweli mama asingepata nusu?"

"Nisingepata," nikasema.

"Na waliowaambia mwape uongo, wao wanafunga?"

Mume wangu aliacha tende aliyokuwa ameishika. Mimi nilikuwa nimebeba ghadhabu ile miezi mitatu, nimeigawa kwa wakili, benki, polisi, na kwa mume wangu mwenyewe, na bado sikuwa nimeliuliza swali hilo. Hati ilipotoka nilikuta jina langu, nusu yangu, na yale maneno, mwanamke asiye na mume. Nusu hiyo siitoi kwa mtu. Lakini kila nikiifungua hati hiyo nasikia swali la binti yangu.