Bahasha Iliyorudi Bila Kufunguliwa

Baada ya kidato cha nne nilizunguka zaidi ya miaka ishirini: Mererani, Singida, Mwanza, popote palipokuwa na kazi ya mikono. Kila nilikofika niliota baridi ya Mbulu. Niliporudi, nikapata kazi Katesh ya kupeleka bahasha za mtaalamu wa alama za vidole. Ndiyo kazi ya kwanza niliyodumu nayo hata mbwa wa njiani wakanizoea.

Wakati huo utaratibu mpya ulikuwa umeanza. Mtaalamu wa kwanza akishalinganisha alama, wa pili alitakiwa kuzilinganisha upya bila kujua mwenzake amesema nini. Huyo wa pili alikuwa mzee mstaafu, sasa mkulima wa mahindi na maharage kule Maretadu. Nilisaini karatasi kwamba sitamweleza lolote. Nikaona ni jambo rahisi.

Asubuhi ile wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima. Tangu tope la mlima huo liporomokee mtaa wa Jorodom na kuua watu, wingu la namna hiyo linawanyamazisha watu hata sokoni. Ndani ya bahasha niliyokuwa nampelekea mzee mlikuwa na picha ya alama ya kidole, nusu imefutika, iliyotolewa kwenye kioo cha duka la dawa lililovunjwa. Mlikuwa pia na alama za mfugaji mmoja wa Dirma aliyekuwa mahabusu. Kesi yake ilikuwa Alhamisi, na ofisini nilikuwa nimeshasikia alichosema mtaalamu wa kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Weka mzigo, ukae kwanza."

Mke wake akaleta chai ya maziwa. Kwetu mgeni haendi kwenye shughuli yake kabla hajatoa habari za alikotoka, kuanzia mvua mpaka wagonjwa. Anayezibana anaonekana amekuja na shari.

"Haya, Katesh wanasemaje?"

Nikaanza. Mvua, mnada, jirani aliyevunjika mguu. Chai ilikuwa ya moto, na maneno yalikuwa yanatoka yenyewe.

"Na yule mfugaji wa Dirma, mama yake anashinda kituoni analia. Tena kidole kimeshaonekana ni chake, sijui itakuwaje."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Nani kasema ni chake?"

Alikuwa ameshaelewa.

"Mdomo wako una mbio kuliko pikipiki yako."

"Si wewe uliyemuuliza habari?" mke wake akadakia. "Ulitaka akae kama gogo?"

Mzee hakucheka. "Alama yenyewe ni nusu. Palipofutika, jicho hujazia lenyewe. Sasa langu litajazia kwa maneno niliyoyasikia."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo mpaka leo siipendi, "Mzee, waliosikia ni sisi watatu tu. Ukilinganisha tu ukaandika majibu yako, nani atajua?"

"Nitakuwa nimeandika maneno yako, si nilichokiona," akasema. "Na atakayefungwa ni yule mfugaji."

Akaandika juu ya bahasha kwamba haikufunguliwa, na kwa nini. Akanipa kalamu nisaini chini yake. Mtaalamu mwingine alikuwa mbali sana. Hadi bahasha imfikie na irudi, kesi ingeahirishwa, na mfugaji angebaki ndani. Hakuna aliyeweza kusema mpaka lini.

Njia nzima ya kuteremka nilifikiria kupitiliza hadi Singida, nianze upya kama nilivyozoea. Badala yake nikakata kona kwenda Dirma. Mama wa mfugaji alikuwa zizini, amerudi kutoka kituoni kuangalia ndama.

"Wamesema si yeye?"

"Hawajasema, mama. Bahasha imerudi. Nimeiharibu mimi."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika kamba ya ndama, hakuiachia. Kisha akaingia ndani, akatoka na shuka nzito ya mwanawe, imekunjwa.

"Usiku kule ndani ni baridi," akasema. "Mpelekee wewe. Na umwambie wewe."

Kesho yake nikaipeleka kituoni, askari akaniita getini. Mfugaji akaja, akaipokea shuka kwa mikono miwili, na kabla sijafungua mdomo kumweleza, akanishukuru.