Gari la Ruthanne na Daftari la Mattie Raber

Ruthanne Kopp alipika miaka ishirini na saba katika jiko la shule ya msingi, na siku aliyostaafu alidhani sasa atapumzika. Mumewe Gene alikuwa ameshafariki, wanawe wawili wako mbali, na nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya changarawe ambako majirani karibu wote ni Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale. Wiki ya pili tu, jirani mmoja akagonga mlango akiwa na binti yake aliyevunjika mkono. Kanisa lao haliwaruhusu kumiliki gari, ila halijawakataza kupanda la jirani. Ruthanne akachukua funguo, na mapumziko yakaishia hapo.

Kwa miaka saba akawa dereva wao. Aliwapeleka kwa daktari wa meno, mnadani, misibani, na mara mbili kwa mwaka hadi jimbo la Indiana kuwaona mabinti walioolewa huko. Walimpigia kutoka kwenye kibanda cha simu kilichojengwa mwisho wa njia ya shamba, mbali na nyumba, na kwa kuwa hakuna anayetaka kusimama kwenye baridi akipiga soga, maneno yao yalikuwa machache.

"Ruthanne, Alhamisi saa mbili. Watu watano na keki mbili."

"Keki zinakwenda wapi?"

"Moja harusini. Nyingine kwako."

Abiria wake wa kudumu walikuwa Abe Raber na mkewe Mattie. Abe alikuwa fundi wa viti vya mbao, mtu mrefu mpole, na figo zake zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ilibidi afike hospitali mjini Wooster, alazwe kwa muda wa saa nne akisafishwa damu kwa mashine. Ni kwa ajili yake hasa Ruthanne aliachana na gari lake kuukuu na kununua jipya kabisa, la viti vinane, rangi ya kijivu, bado lina harufu ya kiwandani. Siku ya kwanza Mattie alikipapasa kiti kama anayepima kitambaa dukani.

"Ni zuri mno," alisema. "Humu nitaogopa hata kusinzia."

"Mumeo atakufundisha," Ruthanne akamjibu, kwa maana Abe alikuwa tayari anakoroma.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Kabla mwezi haujaisha gari lilizima mara ya kwanza, kwenye njia panda, taa zote za dashibodi zikafa kwa mpigo. Ruthanne alingoja kidogo, akaliwasha, likawaka. Akasema moyoni kwamba labda amekosea kitu. Lilipozima mara ya tatu alijua kwamba hakukosea.

Mbaya zaidi ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa nne, kwenye mlima baada ya daraja. Gari lilikata katikati ya mwinuko, usukani ukawa mzito kama wa trekta, breki zikawa ngumu, na nyuma yao lori la maziwa linapanda. Ruthanne aliliacha lirudi kinyumenyume taratibu mpaka magurudumu mawili yakaingia kwenye majani. Lori lilipita huku likipiga honi ndefu. Ruthanne aligeuka kumtazama Abe, kisha akafungua mlango ashuke.

Shambani, upande wa pili wa ua, jirani yao Emanuel Gingerich alikuwa analima na farasi wake wawili, wale wakubwa wenye miguu kama nguzo. Aliwafungua kwenye jembe, akaja na mnyororo, akaufunga bila kuuliza swali. Farasi wakavuta, gari likafuata mpaka uani kwake. Hapo ndipo Emanuel alipofungua mdomo.

"Ruthanne, hizi karatasi za gari lako zinasema lina nguvu za farasi wangapi?"

"Mia mbili na themanini."

Emanuel akawatazama wanyama wake. "Hawa ni wawili tu. Lakini wote wamekuja kazini leo."

Abe alicheka hadi akakohoa. Dereva mwingine alipatikana baada ya saa nzima na ushei, na Abe akafika Wooster amechelewa. Jioni alirudi uso umekuwa wa kijivu kuliko gari. Ruthanne hakulala vizuri siku kadhaa.

Alilipeleka gari kwa waliomuuzia. Msimamizi wa gereji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, Trent Dunmire, ambaye utotoni alikula chakula cha Ruthanne pale shuleni na bado alimwita Bi Kopp. Walilikagua siku mbili, wakalichomeka kwenye kompyuta, wakaliendesha, wakalikuta zima. Wakabadilisha betri. Wiki mbili baadaye lilizima tena. Wakabadilisha pampu ya mafuta. Likazima. Wakabadilisha nyaya za usukani na kitu kingine ambacho Ruthanne hakukielewa. Kila mara lilirudi limeoshwa linang'aa, na karatasi yenye maneno yaleyale: tatizo halikuonekana.

Habari hazifichiki mashambani. Mnadani Emanuel alimuuliza mbele za watu, "Nasikia farasi wako mia mbili na themanini wamerudi hospitali?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini aliporudi nyumbani alikaa jikoni bila kuvua koti. Miaka saba hajawahi kumchelewesha mtu. Sasa watu walipanda wameshika vyuma vya viti.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Mattie, akamkuta anamenya tufaha.

"Mtafuteni dereva mwingine," alimwambia. "Yule wa kijiji cha Mount Hope ana gari zuri. Mimi nitamhatarisha Abe."

Mattie hakuinua kichwa. "Tulipanda na huyo mwezi uliopita. Redio yake haizimi."

"Mattie, sitanii."

"Hata mimi. Abe anasema kwako anasinzia, na mgonjwa akisinzia ni dawa. Gari likiwa kwa fundi tutapanda na huyo wa redio. Likirudi, tutarudi kwako. Chukua kisu, haya tufaha hayajimenyi."

Ruthanne alichukua kisu. Miaka mingi baadaye aliwaambia wanawe kwamba kama Mattie angesema "sawa" siku ile, angeliuza gari kwa hasara na kujifungia ndani na runinga yake.

Mara ya nne ilipoandikwa kwamba tatizo halikuonekana, Trent alimsindikiza hadi nje ya gereji, akatazama nyuma, kisha akampa bahasha. Ndani mlikuwa na nakala za karatasi zote za matengenezo, zimepangwa kwa tarehe.

"Bi Kopp, sikukwambia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Jimbo letu lina sheria ya magari mapya. Likirudi kwa ubovu uleule mara tatu ndani ya mwaka wa kwanza na lisipone, una haki ya kudai wakubadilishie au wakurudishie pesa zako. Kuna fomu. Kuna mwamuzi, husikiliza pande zote, huhitaji wakili."

"Utapata shida kazini?"

"Nimekula tambi zako miaka sita. Jaza fomu."

Gari la namna hiyo watu wa huko huliita limau. Ruthanne alipomweleza Mattie, huyu alifikiri kidogo. "Limau tunalionea," alisema. "Linafaa kwenye chai."

Fomu ilijazwa, na siku ikapangwa mwezi wa kumi, katika chumba kidogo cha maktaba mjini Wooster. Shida ikawa moja. Fomu ilitaka tarehe za kila mara gari lilipozima, na Ruthanne alikuwa na zile nne za gereji tu. Nyingine zilikuwa zimechanganyika kichwani mwake.

"Mimi ninazo," Mattie alisema.

Alikuwa na daftari. Tangu aolewe aliandika mistari minne au mitano kila jioni: hali ya hewa, nani amekuja, chakula gani kimehifadhiwa kwenye chupa, Abe amelala vipi. Na tangu mwezi wa tatu, gari la Ruthanne. Lakini watu wake hawashtaki mtu wala hawaapi, na hakutaka kufanya jambo kwa kujificha. Abe mwenyewe, kwa kigari cha farasi, alikwenda kumuuliza askofu wao, mzee aliyekuwa anatengeneza banda la kuku. Askofu aliendelea kugongomea misumari miwili mitatu kabla ya kujibu.

"Kumshtaki mtu ni jambo moja," alisema. "Kuulizwa kilichotokea ukajibu kweli ni jambo jingine. Mattie asiape. Ndiyo yake iwe ndiyo."

Siku ya shauri ilikuwa kavu, jua jeupe, anga halina wingu. Mwamuzi alikuwa Bi Pasternak, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kiwanda kilimtuma bwana mmoja aliyevaa suti, mwenye adabu, na Trent aliitwa aeleze matengenezo. Kwanza wote waliingia kwenye gari lilelile ili mwamuzi alijaribu mwenyewe. Walizunguka mji nusu saa, wakapanda vilima, wakasimama kwenye taa. Gari lilikwenda tulivu kama maji mtungini. Ruthanne, kiti cha nyuma, aliomba lizime. Hajawahi kuomba hivyo maishani mwake. Halikuzima.

Waliporudi chumbani bwana wa kiwanda alisema kwa upole, "Tumekubali kwamba Bi Kopp anaamini anachosema. Lakini kompyuta ya gari haina kumbukumbu ya kosa hata moja, na mafundi hawakuona kitu mara nne."

Bi Pasternak akamgeukia Mattie, aliyekaa wima na daftari mapajani, kofia yake nyeupe imefungwa chini ya kidevu. Mattie alisema hataapa ila atasema kweli, na mwamuzi akasema inatosha. Akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Manyunyu tangu alfajiri. Maharage chupa kumi na nne. Abe amekula vizuri. Gari limezima karibu na kwa Gingerich." Akafunua. "Ukungu mzito. Dada amekuja na watoto. Gari limezima mara mbili."

Alisoma siku kumi na tisa. Bi Pasternak alimwomba daftari, akalipitia upya kwa kidole, polepole.

"Mama Raber, kwa nini kila siku unaanza na hali ya hewa?"

"Kwa sababu ndiyo inayoanza siku."

Mwamuzi aligeuza kurasa mbili tatu tena. "Hapa kuna mvua. Hapa ukungu. Hapa theluji inayeyuka. Siku kumi na saba kati ya kumi na tisa ni za maji." Akavua miwani. "Bwana Dunmire, gari likifika kwenu mnaliweka wapi?"

"Ndani," Trent alisema. "Gereji ina kipasha joto."

"Muda gani kabla ya kulipima?"

"Usiku mzima. Mara nyingine siku mbili..." Alikiangalia kiatu chake, kisha akamwangalia Ruthanne kama mtoto aliyekumbuka kitu. "Linakauka. Sisi tulikuwa tunalikausha kwanza, halafu tunalipima."

"Na zile siku mbili za jua?" bwana wa kiwanda aliuliza, na hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anataka kujua.

"Hizo Ruthanne alikuwa ameliosha," Mattie alisema. "Hiyo sikuiandika. Ila moja ilikuwa harusi ya mpwa wangu, na moja alilimwagia maji kwa sababu kuku wangu walilikalia."

Bi Pasternak alicheka kidogo, akarudi kwenye uso wake wa kazi. Baadaye fundi wa kiwanda alilifungua gari hilo na kukuta maji yanapenya mahali nyaya zinapopita kuelekea injini, kosa la tangu kuundwa kwake. Lakini hayo yalikuja baada ya hukumu. Barua ilifika siku ya kumi na mbili baada ya shauri: kiwanda kilichukue gari na kimpe Ruthanne jingine jipya, au kimrudishie alichotoa. Alisoma akiwa amesimama kwenye sanduku la barua, kisha akaketi palepale kwenye changarawe, mwanamke wa miaka sitini na nane, akalia vizuri mpaka akamaliza.

Gari jingine lilikuja, la buluu. Trent alilileta mwenyewe. Ruthanne alimpa sufuria ya tambi na jibini aende nayo kwake, naye hakujifanya kukataa.

Hawakuliamini mpaka mvua inyeshe, na mvua iligoma siku tisa. Ilipokuja ilikuwa Jumamosi, ya kumwaga, barabara zote mito. Ruthanne aliendesha huku akizitupia jicho taa za dashibodi, Mattie kando yake akizitazama pia, na Abe nyuma akakoroma hadi Wooster. Walifika dakika kumi kabla ya saa yake.

Abe alipokwisha kuunganishwa kwenye mashine, wanawake wawili walikaa chumba cha kungojea na mkate wenye jamu nzito ya tufaha. Ruthanne alikuwa amepanga maneno tangu barua ilipofika. Alitaka kusema habari za daftari, na za siku ya kumenya tufaha, na za kurudi kwao kila mara kwenye gari ambalo mtu mwenye akili angelikimbia.

"Mattie," alianza, "nataka nikushukuru..."

"Umeshanishukuru Jumanne kwa kutuleta hapa," Mattie alisema, "na Alhamisi." Akammegea kipande cha mkate, kile kikubwa. "Mimi nilikuwa naogopa utaacha kuendesha. Nilimwambia Abe, huyu akiacha, nitaongea na nani njiani, na wewe unalala?"

Ruthanne akakipokea, akakiuma. Nje mvua ilizidi. Walikula, wakazungumzia mnada wa wiki ijayo na ni nani angependa kwenda, na viti vinane vingetosha au la.