Uzi wa Kupimia Pete

Mie wivu nimezaliwa nao, sitaki kumdanganya mtu. Lakini wivu wa pete niliupatia Temeke, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye mume mchakarikaji alipoanza kuvaa dhahabu ya Dubai.

Mume wa jirani yangu, tuliyepakana naye ukuta, alikuwa anakwenda huko kuchukua redio na mapazia ya kuuza. Safari moja akamletea mkewe pete. Looh, mama wa watu alivyoringa! Hata akinisalimia, mkono aliuleta mbele ya uso wangu kama anafukuza nzi. Akatutangazia kibarazani kwamba anayetaka ya kwake apime kidole nyumbani kwa uzi, auzungushe, afunge fundo, ampe huyo mumewe msafiri aondoke nao. Tusipime asubuhi, akasema, kidole kinakuwa kimenywea. Tupime alasiri, na uzi upite kwenye kifundo cha kidole, la sivyo pete itaishia njiani. Nilimwitikia vizuri tu, huku roho inaniuma.

Nikamwambia mume wangu. Akasema biashara ya vitenge imelala. Nikamwambia tena, akasema tuone. Basi nikanuna, nikawa nampakulia chakula bila kusema neno. Si dhahabu hasa niliyoitaka. Nilitaka yule mwanamke na mtaa mzima waone kwamba na mie nina mtu wangu, na mtu huyo hana mwingine.

Alasiri moja akarudi mapema, akanikuta uani nakuna nazi. Akaniambia ninawe mikono. Nikanawa. Akatoa uzi mweusi mfukoni, akakishika kidole changu cha pete. Jamani, nilitamani jirani atokeze wakati ule ule!

Huyu mwanamume kifungo cha shati kikikatika alikuwa ananingojea mie. Siku hiyo aliuzungusha uzi kama sonara, akausukuma mpaka kwenye kifundo, akaulegeza kidogo, akasema vidole vyangu vimenenepa kwa kufua, kwa hiyo tupime pale panapozidi. Nikafurahi kwa ujinga wangu, nikidhani kafundishwa na mume wa jirani.

Kisha akatoa kikaratasi cha pakiti ya sigara ili auhifadhi uzi wangu. Alipokikunjua, ndani mlikuwa na uzi mwingine, umeshafungwa fundo. Nikaudaka kabla hajawahi kuufunika. Nikauvaa. Ukakwama kwenye kifundo, na nilivyousukuma haukusogea. Kilikuwa kipimo cha kidole cha msichana, kidole kisichojua mbuzi ya nazi.

Sie watu wa Pwani jambo hili hatuambiwi mara mbili. Mume akitaka kuongeza mke, yule mkubwa hupozwa kwanza kwa kitu cha dhahabu. Mama yangu alipozwa kwa bangili, shangazi yangu kwa herini. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikajiapiza moyoni kwamba pete hiyo ikija nitaitupa chooni mbele ya macho yake.

"Mwenzangu anakaa wapi?" nikamuuliza.

Akainamisha uso. "Tabata."

Nilikuwa namwona huyo wa Tabata na kidole chake chembamba, kimenyooshwa, mume wangu kakiinamia. Nilipofungua mdomo, likanitoka neno ambalo hata mwenyewe sikulitarajia.

"Basi yangu iwe nzito kuliko ya kwake."

Akatikisa kichwa, kwa upole ule ule aliotumia kunipima. Akasema hilo haliwezekani, uzito ni mmoja, dini inamtaka atufanye sawa. Sawa! Watoto wanne nimemzalia, homa zake zote nimezikesha, leo nafanywa sawa na mtu ambaye hajawahi kumchemshia hata chai.